Zambarau Katika Uji wa Gazi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ile ya mwanzo ya uhuru, nilivaa gauni la buluu alilonipigia pasi mama yangu kwetu Waa, nikaripoti katika kituo cha afya upande wa Msambweni. Msimamizi wa Lishe, mama wa makamo, alinitazama, akanipa upawa. "Mwanangu, hapa tunafundisha kwa mikono. Maneno yatafuata."

Ndiye aliyenifundisha kutumia zambarau zilizojiotea porini. Tuliziloweka katika maji ya chumvi kupunguza ukakasi, tukaziponda, tukatoa kokwa, tukachuja rojo. Rojo hilo hutiwa katika uji uliokwisha kupoa, kwa kuwa moto huharibu vitamini C, ile inayolinda fizi. Wataalamu wa leo wanasema hata ile rangi yake nyeusi husaidia kinga ya mwili. Sisi tuliijua kwa kutupaka ndimi tu.

Baadaye nilipelekwa Gazi. Huko Juma, mtoto mdogo wa mama mmoja aitwaye Mwanasha, alikuwa ametoka wodini kwa utapiamlo, yaani mwili kukosa chakula cha kuujenga. Dawa alizimaliza, lakini uji aliutema. Nilipotaja zambarau, nyanyake alinikatiza.

"Mjukuu wangu mgonjwa humpi matunda ya msituni. Yatamsokota tumbo."

Nilirudi kwa Msimamizi karibu nilie. Nilihofu mtoto atarudishwa wodini, na safari hii asitoke.

"Usishindane na nyanyake," aliniambia. "Kesho twende sote, tumwombe atupikie yeye."

Tulifika, tukamwamkia, "Shikamoo, nyanya," tukaketi jamvini. Alitupikia uji wa mtama kwa tui, mtamu kuliko wangu. Ulipopoa, Msimamizi akatia rojo katika bakuli lake mwenyewe, akanywa. Nyanya akanyoosha mkono. "Hebu." Alionja, akaonja tena, kisha akampakata Juma, akamlisha polepole. Mtoto akameza. Akafungua kinywa tena. Mwanasha aligeukia ukutani, akajifuta macho kwa leso.

Juma alinenepa. Mimi nikahamishiwa Kinango, kisha Lunga Lunga, chini ya mabwana afya na masista wengi walionitendea wema.

Sasa nimestaafu. Msimamizi ameshatangulia mbele ya haki, na sikuwahi kumwambia kwamba asubuhi ile, tukiwa njiani sote kwenda Gazi, nilikuwa nimekwisha kuamua kuacha kazi. Namwambia leo katika dua: ahsante, mama, kwa kufuatana nami.