Mistari ya Zuberi

Mimi ni mpiga picha hapa Buzebazeba, na wivu wangu kwa mwenzangu Zuberi ulifika pabaya. Kila mteja Zuberi, Zuberi! Basi juzi nikamfuata ufukweni Kibirizi, nikajibanza nyuma ya mtumbwi nione huo uchawi wake.

Alimsimamisha dada Neema, muuza dagaa, katikati ya vichanja vya kuanikia. "Vichanja hivi ni mistari," akamwambia. "Mtu akitazama picha, macho yatafuata mistari mpaka yakufikie."

Mistari! Nilicheka kimoyomoyo, nikainua kichwa, na kofia yangu nyekundu juu yake, nione vizuri.

Jana Neema akaja kwangu na picha hiyo kwenye simu, maana mashine ya kuchapa picha ninayo mimi.

"Kaka, nitolee hii, kubwa ya ukutani."

Picha ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Nikakunja uso, nikauliza kwa sauti ili hata majirani wasikie, "Sasa mistari yote hii inampeleka mtu wapi?"

Neema akafuata vichanja kwa kidole, taratibu, akapita begani kwake, akasimama kwenye kitu chekundu juu ya mtumbwi.

"Kwako, kaka. Zuberi alitaka kukufuta, nikamwambia akuache."