Kichwa cha Dalia ya Mwisho

Wifi yangu mtaa mzima unamwita Mkasi, kwa sababu mkasi wa bustani haumtoki mfukoni hata akienda msibani. Analima maua ya dalia ya kuuza, na dalia hazina likizo. Mvua zikiisha na majani yakikauka, anafukua viazi vya mizizi yake na kuvilaza chumba cha nyuma, kwenye masanduku ya maranda. Kabla ya msimu anavigawa kwa kisu, na kila kipande lazima kibaki na jicho shingoni, maana kisicho na jicho hakichipui hata ukikibembeleza vipi. Anapanda, anafungia vijiti, na maua yakianza, kila alfajiri anayakata yaliyokwisha kuchanua. Dalia ukiikata ikiwa tumba, inabaki tumba.

Kuna moja aliyoachiwa na marehemu mama yake, nyekundu iliyoiva hadi ikakaribia weusi. Hatujaiona kwa mtu mwingine. Mwaka huu aliipanda mstari mmoja, viazi vyote alivyokuwa navyo, halafu akaitwa kwenda kumuuguza dada yake aliyejifungua kwa upasuaji.

Bustani akaachiwa kaka yangu. Jamani, kaka yangu ana moyo mzuri, lakini yeye na udongo hawajawahi kuelewana. Kila jioni aliunywesha ule mstari ndoo ya maji, kwa mapenzi, tena akipiga mluzi. Kumbe kiazi cha dalia ambacho hakijachipua hakimwagiliwi. Unyevu wa udongo unakitosha. Wifi hakumwonya. Kwake ilikuwa sawa na kumwambia mtu mzima asimwage maji kitandani.

Aliporudi alifukua kwa vidole. Viazi vilitoka vimekuwa uji, vinanuka. Hakulia wala hakugomba, na afadhali angegomba. Tangu siku hiyo akawa anaongea na mumewe kupitia kwangu.

"Wifi, mwambie kaka yako chai ipo mezani."

Na kaka ameketi hapo hapo, kikombe kiko mbele yake!

"Mwambie asante," naye ananituma.

Nikawa posta ya watu wanaolala kitanda kimoja. Kimya kingi kina mshindo, na mshindo wa kile niliuogopa kweli.

Kisha mwishoni mwa mstari, ambako vidole vyake havikufika, kikachipua kiazi kimoja. Sote tukawa tunakichungulia asubuhi na jioni kama mgonjwa mahututi. Mche ulipofikisha jozi tano za majani, wifi akatoka na mkasi.

Kaka alimwona kupitia dirisha. Akatoka mbio bila viatu, akasimama mbele ya mche.

"Mwambie asikate," aliniambia. "Umebaki huu tu."

"Mwambie dalia isipokatwa kichwa inakwenda juu na shina moja, upepo unaivunja. Ikikatwa inatoa matawi."

"Mwulize, je, ikifa?"

"Ambianeni wenyewe!" nilipasuka. "Mimi nimechoka!"

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, roho juu. Walitazamana. Kaka hakusogea, na mkasi ulikuwa wazi. Nilidhani wifi atamsukuma apite. Badala yake akaufunga, akaugeuza, akamwelekezea mpini.

"Kata wewe," alimwambia.

"Mimi? Baada ya yale niliyofanya?"

"Safari ile sikukuambia kitu. Leo nakuambia. Acha jozi tatu chini, kata juu yake."

Kaka alipiga magoti. Akahesabu jozi tatu kutoka chini. Mkasi ukalia, nami nikafumba macho. Nilipofumbua, wifi alikuwa amekidaka kile kichwa. Akakipunguza majani ya chini, akakichomeka kwenye kopo la mchanga uliolowa. Miaka yote hii sikujua kwamba kichwa nacho huota mizizi.

Akampa mumewe kopo.

"Hiki hakina kiazi cha kuoza," alisema. "Kimwagilie. Kila jioni."