Marhoon wa Marinda

Ukutani mwa sebule ya Bi Masouda, ghorofa ya nne, mtaa wa Al Khuwair, Maskati, pana picha ya mwanamke aliyevaa marinda na ukaya, macho kapaka wanja. Mwanamke huyo ni Marhoon, baba yake. Mchana alikuwa fundi cherehani Unguja. Siku za michezo ya kuigiza alicheza nafasi za wake za watu na mabibi harusi, maana zama hizo wanawake hawakupanda jukwaani. Marinda alijishonea mwenyewe.

Bi Masouda alipohamia Maskati, miaka ya sabini, jirani alimuuliza picha ni ya nani. Aliona haya, akajibu, "Bibi yangu." Tangu hapo wageni wamemwombea rehema bibi ambaye hakuwapo. Sasa ana miaka themanini na tatu, na aliniambia hofu yake ni moja: yeye atakufa, na baba yake atabaki bibi.

Mwezi uliopita walikuja wanawake kumposa Reem, mjukuu wa Bi Masouda, kwa ajili ya kijana wao. Asubuhi Mazoon, mama yake Reem, alisimama chini ya picha.

"Mama, tuiteremshe. Leo tu."

"Iache."

"Basi wakiuliza, ni bibi. Wallahi, Mama, usimharibie mwanangu."

"Miaka hamsini nnasema uwongo mbele yake, naye ananitazama tu."

Wageni walikula halwa, wakanywa kahawa. Bi Balqees, bibi wa yule kijana, akainua macho.

"Mashaallah, marinda hayo! Nani huyu?"

"Bibi yetu," Mazoon akawahi.

"Allah amrehemu. Jina lake nani, tumsomee Fatiha?"

Miaka yote hiyo hakuna aliyempa bibi jina.

"Marhoon," alisema Bi Masouda. "Baba yangu. Akicheza mwanamke kwenye michezo. Mie nlidanganya kwa haya zangu."

Mgeni mmoja akaguna. Mwengine akaanza kujitanda shela, kama anayetaka kuondoka. Bi Balqees aliendelea kuitazama picha.

"Akiwaliza watu?"

"Akiwaliza. Hata wanaume."

Hakuna aliyecheka. Bi Balqees akaweka kikombe chini, akainua mikono.

"Marhoon bin nani?"

"Bin Hamood."

"Kwa roho ya Marhoon bin Hamood, Al-Fatiha."

Wakasoma. Mazoon alikuwa wa mwisho kuinua mikono. Kisha Bi Balqees akasema, "Haya, tuzungumze habari za watoto wetu," wakazungumza mpaka wakakubaliana. Bi Masouda anasema hakusikia hata neno moja; yeye alikuwa bado anasoma.