Trampolini ya Ngozi ya Ng'ombe

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, mama mkwe wangu alinikamata ukosi wa shati mbele ya watoto wa kijiji kizima. Wewe uliyekulia Tabora mjini, unayekaa sebuleni na mama wa mkeo mkitazama televisheni, huwezi kujua jambo hilo lilikuwa zito kiasi gani. Kwetu Choma, mwanamume na mama wa mkewe walikuwa hawatazamani usoni. Akishika njia hii, mimi nashika ile. Neno langu lilimfikia kupitia mke wangu, na lake vivyo hivyo. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Tena mimi niliipenda, maana ilinipunguzia kusemwa.

Umeniuliza ununue trampolini ya namna gani kwa ajili ya wanao. Usicheke, mimi nilitengeneza ya kwangu wakati wa Ujamaa, wewe hujazaliwa. Nilikuwa nimeona vijana Tabora kwenye sherehe wakiruka juu ya turubai lililofungwa kwenye vyuma, nikarudi nyumbani sina usingizi. Nikasimika nguzo, nikafunga fito juu yake. Nikachukua ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa, nikaitoboa pembeni kote, nikaining'iniza kwenye zile fito kwa mipira ya baiskeli niliyoichana vipande. Ilirusha mtoto, we acha tu! Binti yangu Kabula, aliyekuwa bado mdogo, alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Ila tulikuwa tumehamia kijijini. Zamani kila mji wa familia ulikuwa peke yake na mifugo yake. Sasa nyumba zilipangwa mstari, na uwanja wangu ukawa wa watoto wote. Wakapanda wakubwa kwa wadogo, kwa pamoja. Fito zilikuwa wazi, na upande mmoja ulikuwa jirani na uzio wa miiba wa zizi, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kivuli. Mimi nilikuwa nafikiria kuruka tu.

Mama mkwe alikuwa amekuja kumhudumia mke wangu aliyejifungua. Yote aliyaona kupitia mlango wa jikoni. Jioni mke wangu akaniambia, "Mama anasema kile kitu chako kitaumiza mtoto."

"Mwambie asihofu, nimekaza vizuri."

Kesho yake tena, "Mama anauliza, mtoto akirushwa nje atafikia wapi?"

Nikacheka. Nikasema wazee hawapendi mambo mapya. Labda mke wangu naye alikuwa akinionea haya, maana maneno ya mama yake yalikuwa yakinifikia yamepoa.

Siku ile ya kukamatwa shati, mvulana mmoja mkubwa wa jirani akapanda, akaruka kwa nguvu zake zote. Kabula, aliyekuwa upande wa pili, akapaa kuelekea kwenye miiba. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo napiga makofi. Mama mkwe alikuwa ameshatoka jikoni tangu alipomwona kijana yule akipanda. Alikimbia kanga ikidondoka, akamdaka mjukuu wake, wakaanguka wote wawili. Mtoto alikuwa mzima. Mkono wa kulia wa bibi yake ulikuwa umevunjika. Akainuka hivyo hivyo, akanikamata kwa mkono wake wa kushoto, akanitazama machoni.

"Baba Kabula! Umewajengea watoto pa kurukia. Pa kuangukia umewajengea wapi?"

Niliogopa, mwanangu, nikalia mbele za watu. Kisha nikampakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, mtu na mama mkwe wake juu ya baiskeli moja, wazee wakigeuza nyuso tulipopita. Njiani nilimwomba radhi kwa kinywa changu mwenyewe. Akasema, "Endesha, mkono unauma."

Mkono ule haukunyooka tena. Wajukuu wote waliofuata aliwabeba kwa mkono wa kushoto.

Basi, ukienda dukani usiulize inarusha juu kiasi gani. Muulize muuzaji habari za kuanguka. Tazama wavu uwe umezunguka pande zote na mlango wake ufungike. Nguzo na springi ziwe zimefunikwa na kitu kinene, ubonyeze kwa kidole uone. Iweke penye majani, mbali na ukuta na kamba za kuanikia nguo. Apande mtoto mmoja mmoja kwa zamu. Najua watalia, waache walie. Yule mdogo wa mwisho asubiri akue. Na wewe uwepo pale, simu mfukoni. Kama uwanja wako hautoshi, wanunulie mpira, nao wataupenda.

Kuna jingine ninalotaka ulishike kuliko hayo. Mtu akikwambia neno la kuhusu usalama wa mtoto, hata kama limepita kwenye midomo mingine, lisikilize kama aliyelisema amekushika shati. Na siku wewe utakapoona hatari, usitume mtu. Toka, nenda mwenyewe, mambo ya heshima mtayasawazisha baadaye mtoto akiwa hai.

Mungu akukuzie wanao. Waruke wakicheka, na kila wanaporudi chini, warudi wazima.