Kiatu cha Kuume

Mama alikimbia vita kutoka Kashuga na sufuria moja, shuka mbili na viatu vyake vya arusi. Majirani walimcheka njia nzima: wenzake wamebeba maharagwe, yeye kabeba viatu vya kisigino! Yeye alitembea tu. Alikuwa na kiburi cha kimya, nami nimekirithi, ndiyo maana marafiki zangu hapa Mweso ni wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Vilikuwa viatu vya zamani, vya wakati nchi ikiitwa Zaire. Ngozi nyekundu iliyokolea, ncha ya duara, kisigino kinene cha mbao, na ukanda mwembamba uliopita juu ya mguu hadi kwenye kifungo kidogo cha chuma upande wa nje. Baba alivinunua Goma alipokuwa akimposa. Juu ya sakafu ya kanisa vilikuwa na mlio wao, ko, ko, ko, bila haraka, na hata mhubiri alijua ni nani anaingia.

Kwetu milimani mtu hatoki nyumbani na viatu vizuri miguuni. Unapita matope na buti za plastiki, viatu vimo kwenye mfuko. Ukifika kwenye mfereji chini ya kanisa unanawa miguu, unavaa viatu, na buti unazificha kwenye majani. Mama hakuinama kujifunga. Alisimama wima, mkono mmoja kichwani kwangu, mwingine kichwani kwa mdogo wangu, nasi tukapiga magoti matopeni, kila binti na mguu wake. Wa kuume ulikuwa wangu. Wa kushoto ulikuwa wa mdogo wangu. Tulishindana kumaliza, na hatukubadilishana hata Jumapili moja.

Alipougua hapa Mweso, akajua hataamka tena, alituita kando ya kitanda. Akatoa kile cha kuume akanipa, cha kushoto akampa mwenzangu.

“Kiatu kimoja hakuna muntu anaweza kukivala,” alisema. “Hata kuuzisha hamutaweza. Siku mutapenda kuvala, mutatafutana.”

Tulilia, lakini pia tulicheka kidogo, kwa sababu ilikuwa kama yeye kabisa kutufunga kwa hila.

Mdogo wangu akaolewa Walikale, na mwanamume wa msituni anayelima mpunga na michikichi. Siku ya kuondoka alinionyesha kile kiatu ndani ya furushi lake. Tukaahidiana kukutana Krismasi. Krismasi ile barabara ilikuwa imefungwa, iliyofuata nilikuwa na homa, ya tatu yeye alikuwa ametoka kujifungua. Sasa ni mwaka wa saba. Mume wangu alikwenda kutafuta kazi akapata na mke mwingine hukohuko, basi, nikabaki na shamba langu la mteremko na kiatu kimoja juu ya kabati. Kila jioni nilikishusha nikakipangusa. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa nikiongea nacho.

Mwaka huu nilikipeleka Sake, kwa fundi viatu wa pale njiapanda, anishonee ukanda ulioanza kuachia. Nilipofika nikashangaa. Wasichana wa sokoni, wale wenye nywele za rangi na simu mkononi, walikuwa wamevaa viatu vya Mama! Ncha ileile ya duara, kisigino kilekile kinene, ukanda uleule. Wanaviita retro, yaani mtindo wa zamani uliorudi. Niliona wivu, nasema kweli. Nilitaka kuwavua mmoja mmoja. Halafu mmoja akapita juu ya ubao, ko, ko, ko, nikageuka kama mjinga kumtafuta Mama.

Fundi alikipindua kiatu changu kwa heshima, akakigongagonga kisigino.

“Mama, hii njo yenyewe,” alisema. “Zile za wasichana niko natengeneza kwa kuangaria mu simu. Ya kushoto iko wapi?”

“Iko Walikale.”

“Basi uache hii hapa, nitakufanyia ya kushoto. Hakuna muntu atajua gani ni ya zamani.”

Nilikinyakua mikononi mwake kana kwamba amenitukana. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nategemea jambo moja tu: kwamba huko Walikale kuna mtu asiyeweza kuvaa kiatu chake bila mimi. Nikapanda kurudi Mweso bila kushonewa ukanda.

Mwezi uliofuata mdogo wangu akapata kilima chenye mtandao, akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya furaha.

“Dada, nilishapata ya kuume! Kuko fundi alitoka Goma, anajua hizi za retro. Niko navala kila siku ya Mungu kwenda mu kanisa, bamama yote ya huku wananiangaria! Weye haukose fundi kule. Fanyisha na weye.”

Nilikitazama changu juu ya kabati.

“Ila hii mupya inanisumbua kufunga,” akaendelea. “Sijue juu ya nini. Ile ya Mama nafunga mara moja, hii nakawia, kila mara naingia mu kanisa nimechelewa.”

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Niliketi kitandani nikalia kwa hasira, nikasema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mama alitufunga pamoja kwa kiatu, na mwenzangu amejifungua kamba akaniacha nimeshika upande wangu peke yangu. Wiki tatu sikumpigia.

Kisha nikasema, na mimi nina miguu miwili. Nikashuka Sake. Fundi alikuwa muungwana, hakunikumbusha lolote. Alishona ukanda, akachonga kisigino, akapaka rangi, na nilipokuja kuvichukua, kama nisingejua kwamba cha Mama ni cha kuume, nisingeweza kuvitofautisha.

Jumapili nikaviweka kwenye mfuko. Pale mferejini wanawake walikuwa wakishikana mabega kuvaa, wakacheka, wakapanda kuingia. Mimi nilikaa juu ya jiwe. Cha kuume nilikifunga bila hata kutazama, vidole vyangu vilikwenda vyenyewe. Nikashika cha kushoto. Ukanda ukateleza. Nikajaribu tena, nikaupitisha chini ya kifungo badala ya juu, nikauvuta upande usio wake. Ngozi ilikuwa laini, tundu lilikuwa zuri, fundi hakukosea popote. Wimbo wa kwanza ukaanza huko juu, nami bado nilikuwa nahangaika, ndipo nikaelewa: mguu wa kushoto haukuwa wangu kamwe. Ulikuwa na mtu wake.

Nikakumbuka maneno ya mdogo wangu kwenye simu, kwamba hajui kwa nini anakawia kufunga. Nikainama zaidi, nikalia, lakini si kwa hasira tena.

Niliingia kanisani wimbo wa pili umekwisha, watu wote wakageuka. Saa hiyohiyo, kule Walikale, mdogo wangu alikuwa bado nje, ameinamia mguu wake wa kuume.