Pikapu ya Kukaa Tu

Shule niliiacha darasa la nne, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo. Enzi za ruksa ya biashara huria, wenye vyeti walipokuwa bado wanajaza fomu za mkopo wa baiskeli, mimi nilikuwa nimeshaegesha lori la mtumba uani. Pikapu yangu ndogo, iliyonitoa kwenye kuuza karanga kwa kikombe, nikaisogeza kando ya ua ipumzike.

Siku moja akaja ofisa kijana kutoka Chamwino. Aliizunguka pikapu mara mbili ndipo akakumbuka kunipa shikamoo.

"Mzee, ng'ambo watu wanazitunza hizi," akasema. "Miaka ijayo zitakuwa adimu. Niuzie."

"Utabebea nini?"

"Sibebei kitu. Itakaa tu, niwe naipangusa."

Kitu cha kukaa tu bila kubeba chochote nakifahamu. Mji wetu una ofisi nyingi. Nikakubali, aje Jumamosi. Mke wangu alifurahi kuliko mnunuzi, maana alitaka mahali pa kuanika uwele. Nikamwambia mfanyabiashara wa kweli halilii bati.

Ijumaa nikaenda kuisafisha. Nyuma ya kiti nikaikuta kamba niliyofungia vitanda vya wagonjwa niliowabeba kutoka milima ya Kibakwe mpaka hospitali ya Mvumi. Breki zilikuwa za kubahatisha, lakini hakuna aliyefia humo, ingawa wapo waliokuwa na nia. Nikakaa na ile kamba mkononi muda mrefu kwa mtu asiyelilia bati. Ndipo nikamwona kuku wetu kwenye kiti cha abiria, ameatamia.

Ofisa alipofika nikamwonyesha. "Ukimhamisha, mayai yataviza."

Amesoma, lakini naye amelelewa na mama mwenye kuku. Akakubali kurudi baada ya wiki tatu. Sijawahi kumpenda kuku kiasi kile.

Vifaranga vikatoka siku mbili kabla ya ahadi. Jumamosi asubuhi nikachukua mayai sita jikoni, nikayapanga kwenye kiti, nikamkamata tetea mwingine na kumkalisha juu yake kwa mikono miwili. Ofisa akanikuta hivyo hivyo, nusu mwili ndani ya gari.

"Shikamoo, mzee."

Nikageuka kuitikia, na tetea akapita juu ya bega langu akaenda zake. Mke wangu akatokea na bakuli tupu.

"Baba watoto, mayai yangu ya kuuza yamefuata nini humo?"

Ofisa alicheka mpaka akaegemea ua. "Mzee, si ungesema tu huuzi?"

"Siuzi," nikasema. Ndilo neno fupi kuliko yote niliyosema mwezi ule.

Tangu hapo naipangusa kila Jumapili nikitoka kanisani, na jirani ananiuliza kama natarajia wazungu. Mimi ndiye wa kwanza Dodoma nzima kutunza pikapu kuukuu. Ofisa alileta maneno tu. Mke wangu husubiri nimalize boneti, kisha huja na ungo wa uwele.

"Na huko nyuma pia, baba watoto. Ndiko ninakoanika."