Jembe Lililorushwa Ndani ya Kompyuta

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nakata vitambaa kwenye duka moja la Mhindi pale Kagongwa. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, mikono myepesi, kichwa kimejaa ndoto, na bosi hakuchoka kuniambia, "Binti, mkasi uangalie kitenge, usiangalie mawingu." Mwenyewe alizaliwa hukuhuku. Kisukuma chake kilikizidi changu. "Mwadila, mayu!" anawaamkia akina mama waliotoka vijijini, nao wanacheka, wananunua.

Likizo moja mwanawe, aliyekuwa anasoma Mwanza, alirudi na kompyuta. Baba mtu alitaka ipige hesabu za duka. Mwana mtu alikuwa amekuja na gemu kwenye diski. Jenereta likiwashwa mchana, hesabu zinakaa pembeni.

Lilikuwa gemu la kufuata mdundo wa muziki. Nilipouliza linauzwaje, yule kijana alitikisa kichwa.

"Haliuzwi. Waliolitengeneza wamelitoa bure. Anayeweza kuongeza wimbo anaongeza, anayeona kasoro anarekebisha, halafu anampa mwenzake."

"Sasa wanakula nini?"

"Dada, mimi nitajuaje? Labda nao wanakata vitenge."

Siku ile nilikata kitenge upande, nikikaribia kulia kwa furaha. Nilikuwa nawaona watu wa nchi za mbali, hawajuani hata sura, wanalima gemu moja kama majirani walioitana kwenye shamba la mwenzao.

Lilichezwa kwa namna mbalimbali. Kuna ya viduara: vinachomoza kwenye skrini, nawe unavibofya kwa kipanya muziki unapogonga. Kuna ya kudaka: vitu vinadondoka kwa mdundo, unakimbia na kikapu huku na huku. Kuna ya ngoma, niliyoipenda kuliko zote, kitufe kimoja katikati ya ngozi, kingine pembeni. Na kuna ya watu wawili, wanaobanana kwenye kibodi moja, huyu kushoto, yule kulia, alama zinapanda juu ya skrini. Zaidi ya hapo ungeweza kuingiza wimbo wako mwenyewe na kuupangia midundo, unaugonga huku unasikiliza.

Bingwa alikuwa fundi wa mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa anakuja na pumba kwenye nyusi, anakaa, anatushinda wote, anainuka. "Nileteeni mtu," anasema. "Hawa mnaoniletea ni vifaranga."

Mimi nilikuwa na mtu, tatizo alikuwa hatoki nyumbani.

Kaka yangu alikuwa mchezaji wa bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Unalirusha jembe juu, linazunguka, unalidaka, huku mguu wako haujakosa mdundo. Akirusha kaka, watu walikuwa wanasahau kufumba midomo. Halafu alikwenda kuchimba dhahabu upande wa Bugarama, udongo ukamshukia shimoni. Alirudi na mguu usiokunjika na gongo la kutembelea. Tangu hapo ngoma ikilia mtaa wa pili, anaingia ndani na kufunga dirisha. Mama alijifunza kupunguza redio. Mimi nilikuwa naomba kitu kimoja tu, asimame tena mahali penye ngoma.

Kaseti ya kundi lake ilikuwa kwenye sanduku la mama. Niliipeleka dukani, yule kijana akaunganisha redio na kompyuta kwa waya, nikaanza kuupangia midundo wimbo wa kaka. Mwanzo ulinikubali. Katikati nikakwama. Pale ngoma zote zinanyamaza, majembe yako hewani, halafu zinarudi kwa kishindo kimoja, na kila zikirudi kidole changu kimechelewa.

Nikawa nafanya mazoezi nyumbani, napiga sufuria kwa mwiko wakati nasubiri maji ya ugali yachemke. Nikafika pale pa kunyamaza. Nikapiga. Dirisha la kaka likafunguka.

"Bebe, wewe! Unaiua hiyo ngoma!"

"Nifanyeje sasa? Nahesabu, nachelewa."

"Nani kakwambia uhesabu? Liangalie jembe."

"Jembe liko wapi, kaka? Mimi niko kwenye kompyuta."

Akatoweka dirishani. Nikadhani amekasirika. Kumbe anatafuta gongo lake. Alitoka, akaninyang'anya mwiko, akaurusha juu. "Likigeuka, mpini ukaangalia chini, hapo! Umeona?" Akaudaka na kuipiga sufuria kwa namna ambayo mama alitoka mbio kwa jirani kuja kutazama.

"Hebu kanioneshe hiyo mashine inayocheza ngoma bila miguu," akasema.

Alikaa dukani kwenye kreti la soda, akagonga wimbo wote mwanzo hadi mwisho, macho kayainua kwenye dari kama jembe liko kule. Yule kijana aliuhifadhi kwenye diski. Fundi wa mpunga alikuwa mlangoni.

"Huyu ndiye mtu wako, dada wa mkasi? Siku ya gulio basi. Wimbo uwe huohuo wake, asije akasema nimemwonea."

"Njoo umeoga," kaka akamjibu. "Pumba zitaingia kwenye vitufe."

Siku ya gulio kompyuta iligeuzwa kutazama barazani. Watu walijipanga wenyewe, wengine nyuma ya kaka, wengi zaidi nyuma ya bingwa. Kwetu ndivyo ngoma zinavyoshindana: makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi mwenye kalamu. Watazamaji wanahama. Aliyewavuta wengi ndiye mshindi, basi.

Wimbo ukaanza. Vidole vyao vilikuwa sawasawa, alama zinapanda bega kwa bega. Mimi nilikuwa naangalia mgongo wa kaka tu. Pakafika pale katikati, ngoma zikanyamaza.

Kaka akaachia kibodi, akashika gongo lake, akalirusha.

Lilizunguka chini ya vitenge vilivyoning'inia, likashuka, akalidaka bila kuinuka kwenye kreti, na wakati huohuo ngoma za kaseti zikarudi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele. Kaka akarusha tena. Kwenye skrini midundo yake ilikuwa inapita bila mpigaji, alama zimelala, naye hana habari, anaimba. Watu wakaanza kuhama. Benchi likaanguka. Bosi mwenyewe akaacha kaunta na kusimama upande wetu, na mwisho fundi wa mpunga, ameshikilia kibodi peke yake, akageuka, akaona nyuma yake patupu, akainuka naye akaja kusimama nyuma ya kaka.

"Sasa unakwenda wapi?" yule kijana akapiga kelele. "Kompyuta imesema umeshinda wewe!"

"Kompyuta ni mgeni hapa," fundi akasema. "Nimeshindwa. Kwani wewe humwoni?"

Kijana alicheka mpaka akashika meza. Kisha akasema atawaandikia wale watengenezaji, gemu lao limepungukiwa na namna moja ya kucheza, ile ya kuhesabu watazamaji. Sijui kama aliandika. Mimi niliamini kabisa, na bado nawaza kuna mtu mahali fulani anaihangaikia.

Kesho yake mchana ngoma ililia kule kwenye majaruba ya mpunga, kundi linafanya mazoezi. Mama akanyoosha mkono kwenye redio kwa mazoea, ingawa redio haikuwa imewashwa. Kaka alikuwa uani, amevaa shati safi.

"Kurusha nimesimama siwezi," alisema, bila kumtazama yeyote. "Lakini kupiga ngoma ni mikono. Nani anibebee kigoda?"

Nilikibeba kichwani. Njia ilikuwa tuta jembamba katikati ya mpunga, naye alikuwa ametangulia, gongo linadidimia kwenye tope na yeye analing'oa, anaendelea.

"Ongeza mwendo, we mtoto!" alinikaripia. "Watamaliza hawa!"

Nikaongeza mwendo.